Asilimia 40 ya Mitunguu si asilimia 40 ya Nairobi

Tuseme uko stejini Mitunguu, saa kumi na mbili jioni. Nduthi yako ni ya stima, bado unailipia mkopo, na skrini inasema betri imebaki asilimia 40. Mteja anatokea na kikapu chake. Anataka umpeleke Nkubu, na pesa anayotoa si mbaya. Unambeba, ama unamwachia mwenzako mwenye Boxer ya petroli?

Jibu ni kwamba hiyo 40 peke yake haiwezi kukuambia. Kwa betri mpya utafika. Kwa betri iliyozeeka kidogo, yenye 40 ileile kwenye skrini, unaweza kumalizia safari ukisukuma. Namba ni moja, pikipiki zinafanana kama pacha, lakini jioni zenu hazitafanana.

Na usidhani hii ni stori ya watu wa boda peke yao. Kama uko Nairobi na unaitisha boda kwa simu, kuna uwezekano tayari umepanda ya stima. Uber ilianzisha huduma ya boda za stima jijini humo Agosti 2023. Mwaka huohuo Spiro ikazinduliwa Mombasa, Rais Ruto mwenyewe akiwepo. Roam, ile iliyokuwa ikiitwa Opibus, inaunda pikipiki zake hapa Kenya. Ampersand ilitoka Rwanda ikaja. Miaka michache tu iliyopita ukiona nduthi isiyo na kelele uligeuza shingo. Siku hizi hata hugeuki.

Sasa swali limetoka mjini likaingia mashambani, na mashambani kuna kitu ambacho barabara ya Thika haina: mlima.

Petroli ina chupa, stima haina

Kwa nini watu wa stejini bado wanaogopa? Si ushamba. Ni hesabu.

Pikipiki ya petroli ina rizavu. Mafuta yakikata, unageuza kile kiswichi cha chini ya tangi, na unajua umebaki na kilomita kadhaa za kutafuta petroli. Rizavu ikiisha pia, kuna duka lenye chupa za petroli zimepangwa nje. Ukienda upande wa Tharaka utaziona hizo chupa hata mahali ambapo petroli stesheni iko mbali. Unanunua ya mia, unatikisa tangi, unaskiza, unaondoka.

Stima haiuzwi kwa chupa. Betri ikikata katikati ya mlima, hakuna mtoto wa duka atakayekukimbilia na uniti mbili za stima kwa mfuko wa karatasi. Utasukuma, ama utapigia mwenye pikapu, na pesa ya pikapu itakula kazi ya siku nzima. Kesho yake mkopo bado uko palepale.

Ndiyo maana naona mjadala wa nduthi za stima nchini umekuwa ukizungumzia mambo mengi na kuruka moja kubwa. Tumejadili ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023 iliziondolea pikipiki za stima VAT, halafu Mswada wa Fedha wa 2024 ukataka kurudisha, na mnajua wenyewe yaliyofuata Juni ile na mswada ukaishia wapi. Tumejadili bei ya petroli, hasa baada ya Oktoba 2023 ilipofika Sh217.36 kwa lita Nairobi. Tumejadili mazingira. Lakini swali la mtu wa stejini ni dogo na ni gumu: nikiona namba hii kwenye skrini, nitafika?

Skrini inajuaje?

Wengi wetu tunaamini betri ina kitu kama kipimo cha tangi, kwamba kuna mahali fulani stima inaonekana imebaki hadi wapi. Hakuna. Stima iliyo ndani ya betri haionekani. Skrini inakisia, na kuna njia mbili kuu za kukisia.

Ya kwanza ni volti. Betri ikijaa volti hupanda, ikiisha hushuka. Kwa betri ya kawaida ya lithiamu ya volti 72, ikijaa inasoma kama 84, na ikikaribia kuisha inasoma kama 60. Pikipiki za bei ya chini zinachukua hizo volti na kuzigeuza kuwa vijiti vitano vya kijani. Shida iko mbili. Moja, ukikaza mkono kupanda mlima, volti zinashuka kwa sababu umezidai stima nyingi kwa mpigo, kisha ukisimama zinarudi. Utaona vijiti viwili ukipanda na vinne ukipumzika, na hakuna mtu ameongeza chaji. Pili, kuna betri za lithiamu zenye chuma na fosfati, zile zinaitwa LFP, ambazo volti zake hazisogei sana kutoka kama asilimia 80 hadi 20. Ni betri nzuri, zinadumu, lakini ukizipima kwa volti utaona "bado ziko sawa, bado ziko sawa", halafu ghafla zimeisha.

Njia ya pili ni kuhesabu. Kompyuta ndogo iliyo ndani ya betri inahesabu stima inayoingia na inayotoka, kama keshia anayeandika kila shilingi. Hii ni bora zaidi. Lakini keshia naye hukosea senti mbili leo na senti tatu kesho, na mwisho wa mwezi hesabu imepotoka. Dawa yake ni kujaza betri kabisa mara kwa mara, ili hesabu ianze upya kutoka mahali panapojulikana. Mtu anayechaji nusunusu kila siku, kutoka 40 hadi 70, kutoka 30 hadi 65, baada ya muda anasoma namba ambayo hata betri yenyewe haiiamini.

Halafu kuna ile namba nyingine inayopendwa na watu: "umebaki na kilomita 52." Hiyo usiiamini hata kidogo ukiwa nchi ya milima. Mara nyingi inapatikana kwa kuangalia ulivyotumia stima dakika chache zilizopita, halafu inadhani utaendelea hivyohivyo. Ukishuka kutoka Nkubu hadi Mitunguu, umetumia stima kidogo sana. Skrini inafurahi. Inakuambia una kilomita nyingi kuliko ulizokuwa nazo ulipoanza. Kisha unageuza kupanda, na kila kilomita moja ya barabara inakula tatu za skrini.

Mlima unakula ngapi?

Wacha tupige hesabu. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hii haihitaji digrii. Inahitaji tokeni.

Unajua uniti moja ya stima unayonunua kwa simu. Hiyo uniti ndiyo kilowati-saa moja, yaani wati-saa 1,000. Betri ya nduthi ya volti 72 na ampea-saa 40 inabeba 72 mara 40, ambayo ni wati-saa 2,880. Karibu uniti tatu. Hilo ndilo tangi lako lote.

Kwenye barabara tambarare, mwendo wa kawaida na mteja nyuma, chukua kwamba nduthi inakula kama wati-saa 35 kwa kilomita. Gawanya 2,880 kwa 35, unapata kilomita 82. Hapo ndipo zile namba za matangazo zinatoka, na mara nyingi matangazo yanampima mtu mmoja, bila mzigo, kwenye lami iliyonyooka.

Sasa ingiza mlima. Nkubu iko juu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Mitunguu iko chini upande wa joto, kunakoanza kuelekea Tharaka. Chukua mfano wa safari ya kilomita 15 inayopanda mita 400. Pikipiki, wewe, mteja na kikapu chake mko kama kilo 250. Kuinua kilo 250 kwa mita 100 kwenda juu kunahitaji wati-saa 68. Mota na waya zake hupoteza kiasi njiani, kwa hivyo betri inatoa kama 85. Mita 400 basi ni wati-saa 340, juu ya zile 525 ambazo ungetumia kwa kilomita 15 za tambarare. Jumla 865.

Ukishuka, mlima unakusaidia. Unaweza kutumia kama 250 tu, kutegemea unavyoshika breki. Na usitegemee kwamba kushuka kutakujazia betri. Kuna pikipiki zinazoweza kurudisha stima kidogo ukifunga breki, lakini ni kidogo kweli, na nyingi hazirudishi chochote.

Kwa asilimia ni hivi: kushuka kunakula kama 9, kupanda kunakula 30. Barabara ni ileile, kilomita ni zilezile, nduthi ni ileile. Kupanda ni zaidi ya mara tatu ya kushuka.

Turudi kwa mteja wetu wa jioni. Una asilimia 40 kwenye betri mpya, yaani wati-saa 1,152. Safari inataka 865. Unafika Nkubu na asilimia 10, na kushuka kunataka 9. Kwa karatasi unarudi nyumbani. Kwa maisha ya kweli, kukiwa na mvua, msongamano na matope, hurudi bila kuchaji, kwa hivyo nauli hiyo ni nzuri tu kama unajua utachaji wapi Nkubu.

Sasa chukua betri iliyozeeka, iliyobaki na nguvu ya asilimia 80 ya ile ya mwanzo. Hiyo si betri mbovu. Kwenye biashara hii 80 ndiyo kiwango ambacho wengi huanza kufikiria kuibadilisha. Tangi lake sasa ni wati-saa 2,304. Asilimia 40 yake ni 922. Toa 865, umebaki na 57. Yaani unafika Nkubu na asilimia mbili na nusu, kama utafika, kwa sababu betri ikiwa chini hivyo volti zinaanguka ukikaza na kompyuta yake inaweza kukunyima nguvu ama kuzima kabisa ili ijilinde.

Mambo mawili zaidi kabla tutoke kwenye hesabu. Ukiongeza mikungu miwili ya ndizi, kilo 50 hivi, sehemu ya mlima inapanda kutoka 340 hadi 408. Na mwendo: ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 60, upinzani wa upepo unaongezeka zaidi ya mara mbili. Yule anayekimbia kwenye tambarare ili "alipize muda" kabla ya mlima anaumwaga mlima wake barabarani.

Nani anajua afya ya betri yako?

Ona sasa shida iko wapi. Hesabu yote hapo juu inasimama kwenye namba moja ambayo skrini haikuonyeshi: betri hii bado inabeba uniti ngapi ikijaa?

Ni kama simu yako ya miaka minne. Inachaji hadi 100, inaandika 100, na kufikia saa sita mchana imezima. 100 haikudanganya. Ilikuambia tangi limejaa. Haikukuambia tangi limepungua.

Kwa mtu anayechaji betri yake mwenyewe nyumbani, hilo linaweza kufuatiliwa. Betri ni moja, unaijua tabia yake. Shida yako kubwa itakuwa stima yenyewe, maana siku kama ile ya 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipokaa gizani, mwenye petroli alienda kazi na wewe ukabaki umekaa.

Lakini sehemu kubwa ya biashara hii inaenda kwa mtindo wa kubadilisha betri. Unafika kituoni, unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, dakika chache umeondoka. Mtindo ni mzuri. Unakupunguzia bei ya kununua, kwa sababu betri ndiyo ghali, na haikupotezei saa nne ukisubiri. Tatizo ni kwamba kila siku unabeba betri tofauti. Leo umepewa kijana, kesho umepewa mzee, na zote zimeandikwa 100.

Na hapo pesa inaingia. Kuna kampuni zinazokulipisha kulingana na stima uliyotumia, na kuna mitindo ya kulipa bei moja kwa kila betri ama kwa siku. Kama unalipa bei moja na leo umepewa betri ya asilimia 80, umelipa pesa ya uniti 2.88 ukapewa 2.3. Ni kama kununua pakiti ya unga ya kilo mbili, ufike nyumbani upime upate kilo moja na gramu 600. Ukipewa hiyo mara moja utasema ni bahati mbaya. Ukipewa mara tatu kwa wiki, huo ni mkate wa watoto.

Ukinunua petroli, ile pampu haijiendei tu. Kuna sheria ya mizani na vipimo, na kuna maafisa kazi yao ni kukagua kwamba lita inayoandikwa ni lita inayotoka. Muuza nyama sokoni Mitunguu mizani yake inakaguliwa. Je, betri ya kubadilisha? Unapewa kifaa kilichofungwa, chenye namba moja isiyosema ni asilimia ya nini, na unaambiwa nenda.

La kuudhi zaidi ni kwamba habari ipo. Betri nyingi za mitandao hii zina kifaa cha mawasiliano ndani. Kampuni inaona iko wapi, ina chaji ngapi, imechajiwa mara ngapi. Inaweza hata kuifunga kwa mbali usipolipa. Kwa hivyo si kwamba afya ya betri haijulikani. Inajulikana ofisini. Asiyejua ni yule aliye mlimani na mteja nyuma.

Lakini milima si kisingizio

Usije ukanisoma vibaya. Sisemi nduthi za stima haziwezi milima. Mtu akikuambia hivyo mwambie aende Kigali, jiji la vilima kuliko mengi unayoyajua. Ampersand ilianzia huko mwaka 2019, na kuanzia Januari 2025 Rwanda iliacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria Kigali. Vilima ni vilevile. Kilichofanya kazi ni kwamba vituo vya kubadilisha betri viko karibu, kwa hivyo mwendeshaji haogopi asilimia 15, kwa sababu anajua ya kujazia iko hapo mbele.

Hapo ndipo Mitunguu inatofautiana na Kigali, na na Nairobi. Mjini asilimia 15 ni usumbufu. Ukiwa kati ya Mitunguu na Tharaka, asilimia 15 ni uamuzi wa kulala nyumbani ama njiani. Kadiri vituo vinavyokuwa mbali, ndivyo namba ya skrini inavyopaswa kuwa ya ukweli. Ajabu ni kwamba namba hiyo imetengenezewa mjini, na huko ndiko inakohitajika kidogo zaidi.

Na betri za kampuni moja kwa kawaida haziingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Kituo kinaweza kuwa mita mia kutoka ulipozimikia na kisikusaidie chochote.

Serikali imeanza kusogea. Mwaka 2023 EPRA iliidhinisha bei maalum ya stima ya kuchajia magari na pikipiki. Machi 2024, Kipchumba Murkomen akiwa bado waziri wa barabara na uchukuzi, rasimu ya sera ya kitaifa ya usafiri wa umeme ikazinduliwa. Sawa. Lakini mtu wa stejini hasomi rasimu. Anasoma skrini.

Tazama wenzetu wa Ulaya. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya betri mwaka 2023, na moja ya mambo yake ni kwamba kuanzia 18 Agosti 2024 betri za magari na za vyombo vidogo vya umeme lazima ziwe na data ya afya yake ndani, na aliyeinunua kihalali aruhusiwe kuisoma. Kuanzia Februari 2027 betri hizo zitakuwa na pasipoti yake ya kidijitali, kama mtu. Tuangalie neno "aliyeinunua" hapo. Mwendeshaji wetu mara nyingi hajainunua betri. Ameikodi. Kwa hivyo hata tukiiga sheria hiyo neno kwa neno, yeye bado ataachwa nje. Ya kwetu lazima imtaje anayeibeba.

Ya kufanya wewe, kabla sheria haijafika

Kama una nduthi ya stima, ama kaka yako anayo, ama unafikiria kuchukua, shika haya.

Kwanza, acha kufikiria kilomita. Fikiria safari. Tengeneza orodha kama ile ya nauli za matatu, lakini ya asilimia. Kupanda Nkubu na mteja: ngapi? Kushuka ukiwa mtupu: ngapi? Kwenda sokoni na mikungu miwili: ngapi? Andika namba ya kuanzia na ya kumalizia kwa wiki mbili tu. Utakuwa na kipimo bora kuliko kilichokuja na pikipiki.

Pili, soma skrini ukiwa umesimama, mahali tambarare, baada ya kupumzika dakika moja au mbili. Usiisome katikati ya mlima ukiwa umekaza, wala mwisho wa mteremko. Nyakati hizo mbili ndizo inadanganya zaidi, moja kwa kukutisha na nyingine kwa kukusifu.

Tatu, safari ya kushuka ihesabu pamoja na ya kurudi. Kabla hujamshusha mteja chini, jiulize una asilimia za kupanda? Nauli ya kushuka inaonekana tamu kwa sababu bili yake inakuja baadaye.

Nne, tenga rizavu yako mwenyewe. Pikipiki ya stima haina kile kiswichi, kwa hivyo kiweke kichwani. Chini ya 20, wewe unahesabu umeisha. Asilimia za mwisho ndizo zenye uongo mwingi na nguvu kidogo.

Tano, kama betri ni yako, ijaze kabisa angalau mara moja kwa wiki mbili hivi ili hesabu yake inyooke, na usiiache juani saa nane mchana, maana joto ndilo linazeesha betri haraka. Mitunguu jua si mchezo.

Sita, pima uzee. Chukua safari moja unayoijua, mzigo uleule, mwendo uleule. Kama mwezi wa kwanza ilikula 30 na sasa inakula 36, gawanya 30 kwa 36. Unapata 0.83. Betri yako imebaki na kama asilimia 83 ya uwezo wake. Hukuhitaji maabara.

Saba, kama unabadilisha betri kituoni, piga picha namba ya betri unayopewa na uandike ilivyokula. Ukikutana na ileile mbovu tena, ikatae. Mkiwa ishirini stejini mkafanya hivyo na kuweka kwenye grupu moja la WhatsApp, baada ya mwezi mtakuwa na orodha ambayo kampuni haitapenda kuiona, na itabidi iijibu.

Tunachodai

Hilo la mwisho ndilo muhimu zaidi kwangu. Mtu mmoja akilalamika kwamba betri imeisha haraka, ataambiwa anaendesha vibaya, anabeba mzigo mzito, anapenda mbio. Watu ishirini wenye tarehe, namba za betri na asilimia hawawezi kuambiwa hivyo.

Na mahitaji yenyewe si makubwa. Skrini ionyeshe uniti zilizobaki, si asilimia tu, kama vile mita ya nyumbani inavyokuonyesha tokeni. Kituo kionyeshe afya ya kila betri kabla hujailipia, na bei ifuate stima iliyomo. Tangazo likisema kilomita 80, liseme pia ni kwa kilo ngapi na mlima kiasi gani. Na wale maafisa wanaokagua pampu ya petroli na mizani ya nyama wapewe nguvu ya kukagua betri pia, kwa sababu stima ikishauzwa barabarani, ni bidhaa kama unga.

Vijana wengi wanaochukua nduthi hizi ni wa rika letu. Hawakuzikopa kwa ajili ya kuokoa dunia. Walikopa kwa sababu petroli ilikuwa imewamaliza, na stima, kwa hesabu ya kawaida, ni nafuu. Na ni nafuu kweli. Lakini unafuu unaoupata asubuhi unaweza kuupoteza jioni moja mlimani, ukisukuma kilo mia na zaidi gizani, huku mteja amepanda Boxer ya mwenzako na hajageuka.

Kwa hivyo ukiona asilimia 40, uliza: asilimia 40 ya nini? Muuzaji akishindwa kujibu, rudisha kalamu mfukoni. Hujafika mahali pa kuweka sahihi.